Damu ya Mwenye VVU: Tupime Zaidi, au Tuyatumie Majibu Tuliyonayo?

Mada: Je, kliniki za tiba na matunzo zianze kupima viashiria vya damu vinavyotabiri nani kati ya watu wanaoishi na VVU yumo hatarini kupata ugonjwa wa moyo, kiharusi au kufa mapema?

MTAFITI: Mwaka 2006 utafiti mkubwa ulioitwa SMART, wenye washiriki 5,472 katika nchi 33, ulisitishwa kabla ya wakati wake. Ulitaka kujua kama mtu anaweza kupumzika ARV kinga yake ikiwa juu, kisha akazirudia CD4, yaani chembe za kinga, zikishuka chini ya 250. Waliopumzika waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea na dozi, na wengi wa waliokufa hawakuuawa na magonjwa nyemelezi tuliyoyazoea. Waliuawa na moyo, saratani na maradhi mengine. Damu ya washiriki iliyohifadhiwa ilipimwa, na matokeo yakachapishwa 2008. Waliokuwa kwenye robo ya juu ya D-dimer, yaani mabaki ya damu iliyoganda ikayeyushwa, uwezekano wao wa kufa ulikuwa takriban mara 12 ya wale wa robo ya chini. Kwa IL-6, protini inayoamsha mapambano ya kinga, ilikuwa mara 8. Ninachosema ni kwamba tunaye kiashiria kinachomwona mgonjwa kabla hajaanguka, na hatukitumii.

MWENYE VVU: Daktari, mimi nilianza dawa zilipokuwa ndiyo kwanza zinafika wilayani kwetu. Kila mwaka naambiwa, "Mama, virusi havionekani, endelea hivyo hivyo." Naenda nyumbani nimefurahi. Leo unaniambia furaha ile ilikuwa ya nusu?

MTAFITI: Furaha ile ni ya haki, mama. Virusi vilivyofubaa ndivyo vinavyokupa maisha, na humwambukizi mwenzio kwa njia ya kujamiiana. Lakini kinga yako haijatulia kama ya mtu asiye na VVU. Virusi vimejificha kwenye chembe ambazo dawa haziwezi kuzisafisha. Utumbo nao ulijeruhiwa mapema, kabla hata hujajijua, na vipande vya bakteria huvuja kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Kinga inabaki kama mlinzi asiyepata zamu ya kulala: mwisho hupiga hata watu wa nyumbani. Mishipa ya damu ndiyo inayoumia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mwenye VVU ana hatari ya maradhi ya moyo na mishipa takriban mara mbili ya asiye na VVU.

AFISA WA BAJETI: Naomba tuzishike namba zako vizuri, daktari, maana "mara 12" inatisha kuliko inavyoeleza. Vifo vilivyochambuliwa kwenye SMART vilikuwa 85. Robo ya washiriki wote ni zaidi ya 1,360. Hata tukidhani marehemu wote 85 walitoka kwenye robo ile ya juu, bado watu zaidi ya 1,280 wenye kiashiria kibaya hawakufa katika kipindi hicho. Sasa mimi nikimwita mama hapa nimwambie damu yake ina alama ya kifo, nitakuwa nimemwogopesha nani? Mmoja anayehusika, au kumi na tano wasiohusika?

MTAFITI: Hesabu yako ni sahihi, lakini kwa hesabu hiyo hiyo tungeacha kupima presha. Wengi wenye presha ya juu hawapati kiharusi mwaka huu wala mwaka ujao. Tunawapima kwa sababu tunataka kujua tuelekeze wapi macho na dawa.

AFISA WA BAJETI: Presha ina kidonge. Nikiiona, naishusha, na nikiishusha kiharusi kinapungua. IL-6 nikiiona, nafanya nini?

MUUGUZI: Kabla hujajibiwa hilo, niwaelezeni damu yenyewe inavyosafiri, maana mnazungumza kana kwamba inajitembeza. Mimi natoa damu asubuhi. Ya D-dimer inataka chupa yenye kifuniko cha bluu, na ijae sawasawa. Ikipungua jibu linaharibika. Ya IL-6 inataka kuzungushwa mapema kwenye mashine, majimaji yatengwe, yagandishwe. Kwenye zahanati yetu umeme ukikatika friji ya chanjo ndiyo inayopewa jenereta. Hata sampuli za wingi wa virusi, ambazo nchi nzima inazitambua, zinasubiri pikipiki. Jibu likirudi mgonjwa amekwisha chukua dawa za miezi mitatu au sita na kuondoka. Mkiniongezea chupa mbili bila kuniongezea mtu, nitawaletea majibu ya uongo yenye mhuri.

MTAFITI: Sista, nakukubalia kuhusu usafirishaji. Lakini CD4 nayo ilianza hivyo hivyo, na wingi wa virusi pia. Tungengoja mazingira yakamilike, tusingepima chochote hadi leo.

AFISA WA BAJETI: Hujanijibu. IL-6 nikiiona nafanya nini? Watafiti nchini Marekani walijaribu methotrekseti kwa kiwango kidogo, dawa ya kutuliza kinga, kwa watu wenye VVU wanaotumia ARV. Utendaji wa mishipa ya damu haukuboreka, na chembe za kinga ziitwazo CD8 zikapungua. Kwa hiyo tuna kengele inayolia, lakini hatuna maji ya kuzimia moto.

MTAFITI: Kuna maji. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa REPRIEVE. Washiriki 7,769 wenye VVU, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, zikiwemo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Nusu walipewa statini, dawa ya kushusha lehemu, na nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopewa statini walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Hao ni watu ambao kwa vipimo vya kawaida wangeambiwa hatari yao ni ndogo au ya wastani, hawahitaji dawa.

AFISA WA BAJETI: Nashukuru umeutaja mwenyewe. Washiriki wale walichaguliwa kwa IL-6? Kwa D-dimer? Hapana. Walichaguliwa kwa umri na kwa maswali na vipimo ambavyo kila kliniki inaweza kuvifanya. Dawa iliwafaa bila kupimwa viashiria vyako. Basi fedha za vitendanishi nizipeleke kwenye statini.

MTAFITI: Soma matokeo hadi mwisho. Katika kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, matukio yalikuwa takriban saba kwa wasiopewa dawa na matano kwa waliopewa. Maana yake unawapa watu 1,000 kidonge kila siku, mwaka mzima, ili kuwaokoa wawili au watatu. Nchi tajiri inaweza. Wewe mwenye bajeti ndogo ndiye hasa unayehitaji kujua hao wawili watatu ni akina nani. Na kanuni za kukadiria hatari ya moyo zilizotungwa kwa Wamarekani, zilipojaribiwa kwa washiriki wa REPRIEVE, zilikadiria hatari kupita kiasi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kanuni za kuazima hazitutoshi. Hapo ndipo kiashiria cha damu kinapopata kazi.

AFISA WA BAJETI: Na kiashiria je, chenyewe hakijaazimwa? Malaria inapandisha CRP, kiashiria kingine cha damu. Kifua kikuu kinaipandisha. Kidonda kisichopona, jino bovu. D-dimer hupanda kwa mjamzito tu, bila ugonjwa wowote. Kipimo kilichosomwa kwa watu wa Ulaya na Marekani ukikileta Kilombero msimu wa mvua, kitakuonyesha msimu wa mvua.

MUUGUZI: Hapo Afisa kasema kweli tupu.

MTAFITI: Ni kweli, na ndiyo sababu nadai utafiti ufanyike hapa, kwa damu ya hapa, ili tujue kiwango cha kawaida cha watu wetu ni kipi. Lakini msikivue nguo kila kiashiria kwa kosa la kimoja. CRP mnayoibeza imefanya kazi nzuri jirani tu, Kampala. Watu wenye VVU waliokuwa wanajiandaa kuanza dawa walichomwa kidole, na jibu likapatikana hapo hapo. Kuwauliza dalili nne za kifua kikuu, yaani kikohozi, homa, kukonda na jasho la usiku, kulikuwa kunawapeleka karibu wote kwenye kipimo ghali cha makohozi. CRP iliwapunguza hao bila kuwaacha nyuma wagonjwa wengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaikubali kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye VVU, kiwango kikizidi miligramu 5 kwa lita.

AFISA WA BAJETI: Hiyo naikubali, kwa sababu baada ya CRP kuna makohozi, na baada ya makohozi kuna dawa za kifua kikuu.

MTAFITI: Basi ukubali na ya kriptokoka. Ni kuvu anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa mtu ambaye kinga imeshuka sana. Chembechembe zake huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ukimkuta mgonjwa nazo mapema unampa flukonazoli. Dar es Salaam na Lusaka, watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 walishiriki utafiti wa REMSTART, uliochapishwa 2015. Waliopimwa kriptokoka na kupewa msaada wa kushika dawa, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 28. Hiyo ni damu ya Dar es Salaam, Afisa, siyo ya Boston.

MUUGUZI: Umeupitia haraka huo msaada, daktari, ukautaja kama chumvi kwenye mboga. Hebu useme ulikuwa nini.

MTAFITI: Wahudumu wa jamii waliofundishwa waliwatembelea wagonjwa nyumbani mara nne, kila wiki mara moja, mwanzoni mwa dawa.

MUUGUZI: Basi nani aliokoa? Kipimo, au yule aliyepiga hodi?

MTAFITI: Utafiti ulipima vyote viwili kwa pamoja. Hauwezi kuvitenganisha.

MUUGUZI: Mimi naweza kukuambia ninachokiona. Mgonjwa anayeanza dawa akiwa amedhoofika, wiki ya pili anatapika, anaacha, anaona haya kurudi. Akifika mtu mlangoni, anamkuta bado yu hai. Wahudumu wale ndio wa kwanza kupunguzwa fedha zikipungua, kwa sababu hawana mashine ya kuonyesha kwa wageni. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hakuna aliyeuliza nani atapiga hodi.

AFISA WA BAJETI: Nami niongeze juu ya hilo. Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe walifanya utafiti mwingine, wa REALITY, uliochapishwa 2017. Washiriki 1,805, wengi wao watu wazima, wote CD4 chini ya 100. Hawakuhangaika kutafuta nani ana kuvu na nani hana. Kundi moja walipewa wote dawa za kinga kwa mkupuo: flukonazoli, azithromaisini, albendazoli, na isoniazidi pamoja na kotrimoksazoli. Kwenye wiki ya 24, waliokufa walikuwa asilimia 8.9 dhidi ya 12.2 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpe kila mmoja, uache kubahatisha. Ni rahisi, na halihitaji friji.

MTAFITI: Umejifunga mwenyewe. Hao wenye CD4 chini ya 100 uliwajuaje?

AFISA WA BAJETI: Kwa kipimo cha CD4.

MTAFITI: Ambacho ni nini kama si kiashiria cha damu? Na sikia hili: karibu nusu ya washiriki wale walionekana wazima au wenye dalili ndogo tu. Walikuja kwa miguu yao, wakaketi kwenye benchi, wakacheka na majirani. Bila CD4 ungewapa dozi ya kawaida na tarehe ya kurudi, na tarehe ile wengine wasingeiona.

MWENYE VVU: Ngojeni hapo, maana sasa mmefika nyumbani kwangu. Zamani kila miezi sita tulikuwa tunaambiwa CD4 zetu. Mtu alikuwa anaijua namba yake kama jina la mwanawe. Halafu zikapotea. Tukaambiwa hazina maana tena. Nani alisema hazina maana?

AFISA WA BAJETI: Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayekutwa na VVU aanzishiwe dawa mara moja, bila kungoja CD4 zishuke. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Utafiti wa START mwaka huo ulionyesha kuanza mapema kunapunguza maradhi makubwa na vifo kwa asilimia 57. Lakini fedha za CD4 zikahamia kwenye wingi wa virusi, na mashine nyingi zikabaki bila vitendanishi. Ilionekana kwamba kama kila mtu anapewa dawa, hakuna haja ya kujua kinga imesimama wapi.

MWENYE VVU: Na aliyeacha dawa miaka miwili akarudi? Na yule anayekuja mara ya kwanza amebebwa mgongoni?

AFISA WA BAJETI: Kwa hao ilikuwa makosa. Mwongozo wa dunia wa 2017 ukarudi kusema: anayeanza na anayerudi apimwe CD4, na akiwa chini ya 200 ahesabiwe kuwa na VVU iliyokomaa, apewe huduma kamili. Kimeshatengenezwa kipimo cha kijiti kinachoeleza tu kama uko juu au chini ya 200, hakihitaji mashine kubwa. Hapo sibishani na daktari. Ninabishana naye kuhusu mtu kama wewe mama, ambaye virusi vimefubaa miaka mingi.

MWENYE VVU: Basi tuzungumze kuhusu mimi. Nina presha. Iligunduliwa kwenye mkutano wa kanisa, siyo kliniki. ARV napewa bure, tena kwa heshima. Dawa ya presha nanunua duka la dawa, na mwezi ukiwa mbaya nanunua ya siku kumi. Huo mtambo wa IL-6 ukija, utaniambia nimo hatarini. Najua nimo hatarini! Ninachokosa ni kidonge cha siku ya kumi na moja.

AFISA WA BAJETI: Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo.

MWENYE VVU: Wala wewe usifurahi, Afisa. Ukisema fedha ziende kwenye dawa badala ya vipimo, mbona kidonge cha presha hakipo? Kila mara mnaponiambia tusipime kwa kuwa hatuna tiba, tiba nayo haiji.

MUUGUZI: Na mimi nijishitaki na wenzangu. Tunapima himoglobini, kreatinini ya figo, vimeng'enya vya ini. Majibu yanabandikwa kwenye faili, na mara nyingi hakuna anayeyafungua. Utafiti wa Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba upungufu mkubwa wa damu kwa anayeanza ARV ni miongoni mwa ishara kali kabisa za kifo. Himoglobini hiyo! Kipimo cha bei ya soda.

MTAFITI: Na hapo unanisaidia, sista. Kuna kipimo cha jumla kilichotungwa kwa maveterani wa Marekani wenye VVU, kinaitwa VACS. Kinachukua umri, CD4, wingi wa virusi, himoglobini, figo, ini, chembe sahani za damu na homa ya ini C, kinatoa alama moja ya hatari ya kufa. Hakina IL-6 ndani yake. Nikiwa mkweli, ukishakuwa na alama hiyo, IL-6 na D-dimer haziongezi mengi kwa mgonjwa mmoja mmoja. Zinaongeza katika kuelewa kwa nini anaugua.

AFISA WA BAJETI: Basi tumekubaliana?

MTAFITI: Hapana. Tumekubaliana kwamba leo, kwenye zahanati ya sista, IL-6 haina kazi. Hatujakubaliana kwamba isipimwe popote. Kama hospitali za rufaa na vyuo vyetu havitahifadhi damu na kuipima, miaka kumi ijayo tutaletewa tena kanuni iliyotungwa kwa watu wengine, na wewe utakuwa wa kwanza kusema haitufai.

AFISA WA BAJETI: Ipimwe kwa fedha za utafiti, siyo kwa fedha za vitendanishi vya CD4. Na kila utafiti uniletee swali lake likiwa na tiba mkononi: walioonekana hatarini walipewa nini, na wangapi walipona kwa sababu hiyo. Nikiona hilo nitatia saini.

MUUGUZI: Na kabla ya yote, mashine ya presha na mizani viwe kwenye chumba cha ARV, siyo jengo la pili. Dawa ya dolutegravir tunayowapa sasa ni nzuri, lakini wengine wananenepa nayo. Asiyepimwa uzito na sukari leo, hatukutani naye kwenye IL-6. Tunakutana naye wodini.

MWENYE VVU: Nami niseme na wenzangu tunaotumia dawa, maana wakubwa hawa watabishana hata kesho. Siku ya kliniki uliza wingi wa mwisho wa virusi vyako ulikuwa kiasi gani na ulipimwa lini. Kama uliacha dawa ukarudi, dai CD4, usione haya. Kama una miaka arobaini na zaidi, omba presha na sukari vipimwe siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu lehemu. Na kila mara damu yako inapochukuliwa, uliza jibu lake litasomwa na nani na litabadilisha nini kwenye matibabu yako. Usiondoke dirishani mpaka umejibiwa.